Umejiajiri? Hebu nitajie kwanza tajiri wako

MZEE wangu ana swali moja ambalo amekuwa akiniuliza tangu nimalize kidato cha nne. Kila usiku nikiingia nyumbani pale Tandika, shati limeganda jasho na miguu imejaa vumbi, nampa shikamoo yake, anaitika marahaba, halafu linafuata: "Enhe, umepata kazi?"

Sasa msomaji wangu, hapo nimetoka wapi? Si nimetoka kazini! Nimeamka saa kumi alfajiri, nimening'inia mlangoni mwa daladala kutwa nzima nikiita Kariakoo, Kariakoo, mpaka sauti imekauka. Nimetukanwa na abiria, nimegombana na wapiga debe, nimerudi saa nne usiku. Kwa mzee hiyo si kazi. Yeye anaiita "kuhangaika". Nikaacha ukonda, nikatembeza chaja na makava ya simu, nayo ikawa kuhangaika. Siku hizi naandika haya unayoyasoma, nalipwa kwa makala, na wiki ambayo makala haikutoka mfuko unalia. Mzee kanuna vilevile: kuhangaika.

Zamani nilikuwa nakasirika, nakula ugali wangu kimya naenda kulala. Lakini tangu yalipompata kaka yangu Seif mwaka jana, nimeanza kuona kwamba mzee hakuwa anabwabwaja. Alikuwa anauliza kitu ambacho sisi vijana wa mjini hatujiulizi. Tuwe wote hapa, nikusimulie.

KADI YA MZEE

Mzee alikuja Dar mwaka 1982 akitokea Kilwa, na mfuko mmoja wa nguo na anwani ya mjomba wake imeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Akapata bahati, kiwanda kimoja (jina naliacha) kikamchukua. Akapewa kadi yenye picha. Kadi hiyo anayo mpaka leo, iko kwenye sanduku chini ya kitanda, na kwenye picha ana afro ambalo ukiliona utacheka mpaka udondoke.

Lakini usiicheke ile kadi. Mwaka 1983 serikali ilipitisha sheria iliyoleta ule msako wa Nguvu Kazi. Ukikutwa mjini huna kazi ya kueleweka, unapakiwa, unarudishwa kijijini au unapelekwa mashambani ukalime mkonge. Mzee anasema alikuwa halali bila kuipapasa kadi yake mfukoni. Wenzake aliokuja nao kutoka kusini walikuwa wanaruka madirisha, yeye anawatazama askari machoni, anatoa kadi, anaambiwa pita.

Sasa sikiliza mambo ya dunia. Mwaka huohuo wa 1983, serikali ileile iliyokuwa inawasaka wasio na kazi iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria Dar, kwa sababu UDA ilikuwa imezidiwa. Mwaka uliofuata milango ya biashara ikaanza kulegezwa, mitumba ikaingia. Mwaka 1986 nchi ikafunga mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka ya tisini mashirika ya umma yakaanza kuuzwa moja baada ya jingine. Kiwanda cha mzee kilifungwa 1996. Alipewa kiinua mgongo, akanunua bati na cherehani moja. Bati zipo, zinavuja. Cherehani iliuzwa nikiwa darasa la tano.

Kwa hiyo mzee akiuliza "umepata kazi", anauliza kama nimepata kadi. Kitu cha kumtoa mtu machoni pa askari. Na sisi tumekulia kwenye mji ambao kadi zile zilikwisha, kila mwenye kipaza sauti anatuambia neno moja: jiajirini!

YALIYOMKUTA SEIF

Seif alijiajiri. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasema mwenyewe kijiweni, kifua mbele. Alichukua pikipiki ya mkataba.

Kwa wale wa Masaki ambao mambo haya mnayaona kwenye taa za barabarani tu, mkataba ni hivi. Tajiri anakwenda dukani ananunua pikipiki mpya, ile ya Seif ilikuwa Boxer kutoka India, shilingi 2,700,000 pamoja na kadi na bima. Anamkabidhi kijana. Kijana analeta hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, siku sita za wiki. Jumapili ni ya kijana, lakini Jumapili hiyohiyo ndiyo ya kumwaga oili na kubadilisha breki. Mafuta ya kijana, tairi la kijana, faini ya trafiki ya kijana. Akifikisha siku 360 za hesabu, pikipiki inakuwa yake.

Piga hesabu mwenyewe. Siku 360 mara 10,000 ni shilingi 3,600,000. Seif alijua. Alisema sawa, laki tisa ya juu ni faida ya tajiri, mtu hawezi kukuazima hela bure. Mimi nami nilimwona kidume. Alinunua daftari la kurasa 80, kila usiku anaandika: siku ya 41, nimepeleka. Siku ya 42, nimepeleka. Mama alikuwa akiliona lile daftari juu ya meza anatabasamu.

Alifika siku ya 310. Keshapeleka 3,100,000, yaani pikipiki yenyewe keshailipa na chenji laki nne. Zimebaki siku 50.

Siku ya 311 mvua ilinyesha. Pale Mtoni, barabara ya Kilwa, gari dogo lilimchomekea, akaenda chini. Pikipiki ilipinda usukani tu. Seif alivunjika mguu.

Wiki tatu alikuwa kitandani, mguu kwenye plasta. Wiki tatu ni siku 18 za hesabu, sawa na shilingi 180,000. Wiki ya kwanza tajiri alipiga simu kutoa pole. Wiki ya pili alipiga simu kuuliza hesabu. Wiki ya tatu hakupiga. Alituma kijana mwenye ufunguo wa akiba, na wakati sisi tuko ndani tunamsaidia Seif kwenda uani, tukasikia pikipiki inawashwa.

Tulipotoka, vumbi tu.

Baada ya siku chache Seif akaambiwa na washkaji wa kijiweni kwamba pikipiki yake iko Mbagala, inaendeshwa na dogo mwingine. Na huyo dogo kapewa mkataba. Unaanzia siku ya kwanza mpaka 360! Nilipomwambia mama, alikaa chini kwenye kizingiti.

"MIMI SIJAMWAJIRI, AMEJIAJIRI"

Mzee, ambaye siku zote alikuwa anaita mambo yetu kuhangaika, ndiye aliyevaa kanzu yake akasema twende serikali ya mtaa. Seif kwenye magongo, mimi nimebeba daftari.

Tajiri aliitwa, akaja. Msidhani ni jambazi. Ni mtumishi wa ofisi fulani mjini, shati limenyooka, anaongea taratibu, anamwamkia mzee kwa heshima zote. Ana pikipiki tano, anasomesha watoto nazo. Mwenyekiti akamuuliza habari za Seif. Akajibu neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo: "Mwenyekiti, mimi huyu kijana sijamwajiri. Amejiajiri. Mimi nilimsaidia tu chombo."

Mwenyekiti akamgeukia Seif. Mkataba uko wapi? Hakuna, ulikuwa wa mdomo. Daftari hili limesainiwa na nani? Halikusainiwa. Miezi minne ya kwanza hesabu ilikuwa inapelekwa mkononi, ushahidi wake ni Mungu. Zilizobaki zilitumwa kwa simu, na meseji zile ndizo zilizotusitiri kidogo. Baada ya majadiliano mpaka adhuhuri, tajiri alitoa shilingi 300,000. Alisema ni huruma yake. Seif alizipokea, zikaenda kwenye mguu.

Njiani mzee hakusema kitu mpaka tulipofika sokoni. Akasimama, akasema: "Mimi mwajiri wangu alipofunga kiwanda, angalau alijua kwamba ni mwajiri wangu."

NENO LILILOTUPOTEZA

Ndipo nikaanza kupekuapekua. Nikagundua kwamba yuko mtafiti wa Kitaliano, Matteo Rizzo, mwalimu wa chuo cha SOAS kule London, ambaye alianza kufuatilia daladala zetu tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 2017 akatoa kitabu kizima juu yake. Mzungu kaandika kitabu juu ya makonda! Anachosema ni kitu ambacho konda yeyote wa Temeke anakijua: walio wengi sana garini gari si lao, wanafanya kazi kwa mwenye gari bila mkataba, wastani wa saa 15 kwa siku, karibu siku zote za wiki. Hawajajiajiri hata chembe. Wanapeleka hesabu, kinachobaki ndiyo riziki yao, na siku ambayo hakikubaki ni shauri yao.

Mwaka 2015 yeye na wenzake wawili, Blandina Kilama na Marc Wuyts, walionyesha mchezo unapochezwa. Ni kwenye lugha. Walichunguza takwimu za taifa za nguvu kazi za mwaka 2006. Karani anapita na fomu, anauliza kama umeajiriwa. Sasa wewe Mswahili ukisikia "kuajiriwa" unaona nini? Unaona ofisi, barua yenye muhuri, mshahara mwisho wa mwezi. Unaiona kadi ya mzee! Konda atacheka, atasema mimi sijaajiriwa bwana. Basi anaangukia kwenye kundi la waliojiajiri. Huko juu wakubwa wakisoma fomu wanaona taifa limejaa wafanyabiashara wadogo, wanaohitaji mikopo na semina za ujasiriamali. Kumbe wengi ni wafanyakazi wenye tajiri, ila tajiri hayupo kwenye karatasi.

Halafu kuna hili ambalo liliniuma zaidi. Sheria yetu inajua kuliko ulimi wetu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa likithibitika hata jambo moja kati ya kadhaa: kwamba saa zako au namna yako ya kazi inaamuliwa na mtu mwingine, kwamba umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba unamtegemea yeye kiuchumi, kwamba vitendea kazi kakupa yeye. Saa 45 kwa mwezi! Konda anazimaliza Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Kwa pikipiki ya mkataba wanasheria wanaweza kubishana, maana pale kuna habari ya kununua chombo. Lakini konda, dereva wa hesabu, msichana wa saluni, muuza duka la mtu? Umejiajiri wapi hapo, dada yangu?

TAJIRI ANA TAJIRI WAKE

Siku hizi nimekuwa kero kijiweni. Mtu akisema amejiajiri, namuuliza: nitajie tajiri wako.

Machinga wa kuuza makava anasema hana tajiri. Nikimbana, mzigo kauchukua wapi? Kariakoo, kwa mali kauli. Asubuhi anapewa, jioni anarudisha hela ya watu, kilichozidi ndicho chake. Kisichouzika kikikataliwa, kinamfia mkononi. Na huyo wa Kariakoo naye ana mtu, kuna anayefuata mzigo Guangzhou na kontena linalosubiriwa bandarini. Dereva wa taksi ya simu anakwambia yuko huru, anawasha na kuzima anapotaka. Gari la nani? La mtu wa Mbezi, hesabu kila wiki. Na simu je? Uber ilipoingia Dar mwaka 2016 wengi tuliona ukombozi. Mwaka 2022 LATRA iliposema kamisheni isizidi asilimia 15, kampuni ilisimamisha huduma zake Aprili, ikarudi mwaka 2023 baada ya kiwango kulegezwa. Dereva wa Sinza kumbe alikuwa na tajiri mwingine San Francisco, ambaye akikasirika anazima taa tu.

Mji huu mwaka 2002 ulikuwa na watu milioni 2.49. Sensa ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Zaidi ya mara mbili kwa miaka ishirini! Wengi wamekuja kama mzee alivyokuja, na mfuko mmoja. Neno lenyewe la machinga limetoka kwa watu wa Lindi. Kijana akishuka stendi ya Mbezi hakuna kiwanda kinachomsubiri, lakini matajiri wadogowadogo wanaomsubiri ni wengi ajabu.

Na tusidanganyane kwamba adui ni mgeni. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya biashara za aina 15, zikiwemo saluni, ufundi wa simu na uwakala wa pesa za simu. Kijiweni tulishangilia mpaka kahawa ikamwagika. Sawa kabisa, mie sina ugomvi na hilo. Lakini aliyeichukua pikipiki ya Seif si Mchina. Ni Mtanzania mwenzetu, na Ijumaa anaswali safu ya pili.

"BORA NIENDE UARABUNI"

Mguu ulipounga, Seif alikuwa mtu mwingine. Anakaa kimya, halafu anakurupuka: mie naondoka bwana, bora niende Uarabuni kuna kazi za kueleweka. Jioni moja alikuwepo jirani yetu, dada wa mtaa wa nyuma aliyefanya kazi za ndani Muscat miaka miwili. Alimsikiliza mpaka mwisho.

Akamwambia yeye mkataba alikuwa nao, tena na mhuri. Alipofika, pasipoti ikachukuliwa. Kule kuna utaratibu wanaouita kafala, kibali chako cha kuwepo nchini kimefungwa kwa mwajiri aliyekuleta, ukimkimbia wewe ndiye mkosaji. Wapo waliopata waajiri wema wakajenga nyumba Mbagala, hakuficha. Lakini shirika la Human Rights Watch mwaka 2017 lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wasichana wa kazi 50 wa Kitanzania waliokuwa Oman na Emirati, na habari za kunyimwa mshahara, kupumzika na pasipoti zilijaa tele. "Karatasi nilikuwa nayo," alisema yule dada, "lakini sikuwa na mtu wa kumwonyesha."

Seif hakujibu. Hajaenda. Leo ni deiwaka, anaendesha pikipiki ya mtu kwa siku, hesabu 8,000, hakuna ahadi ya kuwa yake.

FANYA HIVI, MSHIKAJI

Sitaki uondoke hapa na simanzi tupu. Madereva na makonda wa Dar waliwahi kuamka. Mwaka 1997 waliunda umoja wao, UWAMADAR, baadaye wakashikana na chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, COTWU(T), wakadai kitu kimoja kikubwa: mikataba. Mei 2015 madereva wa mabasi walipogoma na Ubungo kufurika abiria, mikataba ilikuwemo kwenye madai. Matajiri wengi walipiga chenga, wakaandika mikataba ya kuonyesha ofisini tu. Lakini watu walikuwa wamejua wanachodai.

Wewe unayeanza kesho, sikiliza mdogo wako. Usichukue chombo cha mtu kwa mdomo. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, na aweke sahihi mbele ya mjumbe: bei gani, siku ngapi, na ukiugua inakuwaje. Hilo la kuugua ndilo lililommaliza Seif. Hesabu tuma kwa simu, meseji usifute. Kama unafanya kazi chini ya mtu akakufukuza, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na lalamiko la kuachishwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30. Usikae kijiweni miezi mitatu ukilalamika, mlango utakuwa umefungwa. Na karani wa sensa akikuuliza kama umeajiriwa, usicheke. Mtajie tajiri wako.

Juzi nimerudi nyumbani, miguu vumbi kama kawaida. Shikamoo mzee. Marahaba. Enhe, umepata kazi?

Safari hii sikukasirika. Nikamwambia, "Mzee, kazi ninayo tangu zamani. Ninachotafuta ni mkataba."

Akanitazama muda mrefu kidogo. Akanisogezea kigoda. "Basi kaa ule," akasema. "Halafu uniambie huyo mhariri wako anaitwa nani."